Acheni kuulizana "tunakutana lini", wekeni siku moja mkae nayo

Kuna meseji moja nikiiona kwenye grupu lolote najua hilo grupu limeanza kuumwa, nayo ni hii: "Jamani mbona tumepoteana hivi, tukutane basi, mna nafasi lini?" Inatoka moyoni kabisa, sikatai, ila kinachofuata wote mnakijua. Wa kwanza anasema yeye siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Wa pili anasema Ijumaa ndo siku pekee aliyonayo. Wa tatu anaweka dole gumba alafu kimya. Lazima awepo na yule wa "mimi popote mtakapoamua nipo", na huyo kwa nilivyoona ndo huwa haji. Kesho yake mtu anatuma video ya kuchekesha, mada inazikwa chini ya vicheko, mpaka ipite miezi mtu akumbuke tena kwamba jamani mbona tumepoteana.

Mimi nipo kwenye kundi la kupiga stori ambalo limeishi miaka kadhaa sasa. Halina ajenda wala katiba wala michango, ni watu tu, marafiki na marafiki wa marafiki, wanakaa pamoja masaa mawili matatu wanaongea wanacheka wanaondoka. Kazi ya kutunza ratiba iliniangukia baada ya dada aliyekuwa anaitunza kuhama, na tangu hapo nimejikuta naifuatilia hii ishu ya siku na mahali kuliko pengine inavyostahili. Makundi mengine niliyokuwepo yakafa, mengi hayakufa kwa ugomvi, watu walikuwa wanapendana vizuri tu, kilichowamaliza ni kuanza upya kila mara: lini, wapi, saa ngapi, nani anakuja. Kila mkutano unapangwa kama harusi. Watu wanachoka kabla hawajakutana.

Kwa hiyo kipimo changu siku hizi ni kimoja tu. Chukua mtu aliyepotea miezi, simu ilibadilika, alijitoa kwenye grupu kipindi ana mambo yake, na sasa anaona hata aibu kuuliza mnakutana wapi siku hizi. Huyo mtu anaweza kujitokeza tu na akatukuta? Kama anaweza, siku yetu na mahali petu viko sawa. Kama inabidi kwanza amtafute mtu, ajieleze alikuwa wapi, aombe kurudishwa kwenye grupu, wengi hawatafanya hivyo, watabaki huko huko na sisi tutasema "fulani siku hizi kajitenga".

Kuna mchumi wa Marekani, Thomas Schelling, ambaye baadae mwaka 2005 alipata Nobel, aliwahi kuwauliza watu swali zuri sana. Unatakiwa ukutane na mtu New York, hamjapanga mahali wala saa, hamuwezi kuwasiliana, utaenda wapi na saa ngapi? Ungedhani kwenye jiji lile watu wangetawanyika hovyo, kumbe wengi walitaja kituo cha treni cha Grand Central, pale kwenye kibanda cha maulizo, na karibu wote wakasema saa 6 mchana. Saa 6 haina utamu wowote, ila kila mmoja anajua na mwenzake ataifikiria hiyo hiyo. Mimi nikiwa natafuta siku ya kundi naangalia kitu cha namna hiyo, sio siku tamu, ni siku ambayo mtu ataikumbuka bila kukumbushwa na atajua na wengine wanaikumbuka.

Sasa hapa watu wa haki sawa wananiambia kwa nini msipige kura. Tulipiga, na kura ni sawa kupunguza orodha, ila msitegemee kura iwape siku ambayo wengi wameridhika, manake wakati mwingine siku hiyo haipo kabisa. Mfaransa mmoja, Condorcet, alishaonyesha jambo hili mwaka 1785. Chukua watu watatu. Wa kwanza anapenda Alhamisi, ikishindikana Jumamosi, ya mwisho kabisa Jumapili. Wa pili Jumamosi, alafu Jumapili, alafu Alhamisi. Wa tatu Jumapili, alafu Alhamisi, alafu Jumamosi. Shindanisha mbili mbili: Alhamisi inaishinda Jumamosi kura 2 kwa 1, Jumamosi inaishinda Jumapili 2 kwa 1, ukishafurahi hapo unakuta Jumapili nayo inaishinda Alhamisi 2 kwa 1. Yaani chochote mtakachochagua, kuna wengi wanaopenda kingine kuliko hicho. Kwetu ndo ilikuwa hivyo hivyo, kila tukikaribia kufunga mtu anasema "lakini si wengi walisema afadhali ile ingine", na kweli walisema! Hakuna aliyekuwa anadanganya.

Dada yule wa zamani ndo alituokoa, alikaa kimya muda wote tunabishana kisha akaandika: "Jumamosi ya pili ya mwezi, saa 1 usiku, mimi nitakuwepo. Atakayekuja aje." Watu wakanuna kidogo. Mmoja akasema mbona hatujashirikishwa, mwingine akasema yeye Jumamosi hawezi kabisa kabisa, na huyo huyo wa kabisa kabisa akaja mwezi uliofuata manake alishajua mapema akapanga mambo yake. Hilo nimeliona likijirudia sana. Mtu akiulizwa "Jumamosi una nafasi?" anasema hana. Mtu huyo huyo akijua Jumamosi fulani ya kila mwezi kuna kitu, taratibu anaanza kuzizungushia shughuli zake pale. Nafasi haipo mpaka uitengeneze.

Kwa nini ya pili na sio ya kwanza? Tulikuwa na wachache waliotaka "wikiendi ya kwanza ya mwezi" na nikawaambia hebu fungueni kalenda. Mwezi ukianza Jumapili, wikiendi ya kwanza ni ipi? Jumapili yenyewe ni tarehe 1, Jumamosi ya kwanza ni tarehe 7, na Jumamosi iliyopakana na ile tarehe 1 iko kwenye mwezi uliopita. Watu wawili wenye akili timamu watafika siku tofauti na kila mmoja ana haki. Bora utaje siku yenyewe. Jumamosi ya pili inaangukia kati ya tarehe 8 na 14, daima, haigusi mwisho wa mwezi ambapo watu wa mahesabu ofisini hawalali, haigusi tarehe 1 Januari, haigusi 25 Desemba. "Kila baada ya wiki mbili" nayo inasikika rahisi ila mtu akikosa mara moja tu hajui tena wiki hii ni ya kukutana au ya kupumzika, lazima aulize, na tumeshasema tunataka mtu asiulize. Mkitaka mara mbili kwa mwezi semeni ya kwanza na ya tatu, mvumilie tu kwamba kuna miezi yenye Jumamosi 5, hapo mtakaa wiki tatu bila kuonana na hamna atakayekufa.

Kuhusu mara ngapi, hapo nina msimamo kidogo. Mara moja kwa mwezi inatosha kutopoteana ila haitoshi kuwa marafiki kama hamkuwa marafiki tangu mwanzo. Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, Jeffrey Hall, alitoa makadirio mwaka 2018 kwamba watu wasiojuana wanahitaji masaa kama 50 hivi pamoja mpaka wawe marafiki wa kawaida, kama 90 kuwa marafiki hasa, na zaidi ya 200 kuwa marafiki wa karibu. Piga hesabu mwenyewe. Masaa mawili kila mwezi ni masaa 24 kwa mwaka, mgeni aliyejiunga Januari na hajakosa hata mara moja atafika Desemba bado hajafika nusu ya hiyo 50. Kila wiki kwa masaa mawili inakuwa 104, tofauti kubwa sana. Kwa hiyo kundi la watu waliosoma pamoja au waliofanya kazi pamoja, mara moja kwa mwezi safi. Kundi la watu ambao ndo wanaanza kujuana, nawaambia anzeni kila wiki hata kama wanakuja wanne, mkishazoeana mtapunguza. Sisi tulianza na mwezi kwa sababu wengi tulishajuana, na wageni wetu wa mwanzo walikuwa wanapotea sana, hata siwalaumu, mtu anakuja leo anasahau majina, mwezi unaisha, anarudi anaanza upya kujitambulisha.

Ila saa ndo ilitupa somo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Zamani tulikuwa tunaanza saa 1 usiku, manake ndo muda ambao wengi wanakuwa wametulia. Kulikuwa na dada mmoja mchangamfu sana ambaye kila ikifika saa fulani anaanza kuinamia simu chini ya meza, anajibu "mmh", "ehe", hakusikilizi tena, alafu ghafla kasimama, kachukua mkoba, "haya jamani", kaondoka katikati ya stori. Watu wakaanza kusema ana maringo. Mpaka siku moja nikatoka nae mimi, nikamuona anavyokimbia kuvuka barabara, basi la mwisho ndo hilo lilikuwa linaondoka. Ile simu chini ya meza alikuwa anahesabu dakika. Sisi wenye usafiri wetu tulikuwa tunaanza ndo kunoga muda ule. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, basi ndo sisi.

Tangu hapo mimi napanga kutokea mwisho kurudi mwanzo. Swali la kwanza sio tutaanza saa ngapi, ni yule anayekaa mbali kuliko wote, asiye na gari, anayetembea mwenyewe kutoka kituoni mpaka kwake, atafika nyumbani saa ngapi na njia itakuwaje. Ukishajibu hilo unarudi nyuma masaa mawili au matatu ndo unapata saa ya kuanza. Na hata sio wazo geni. Uingereza karne ya 18 kulikuwa na kundi la marafiki wa Birmingham, James Watt wa mashine za mvuke alikuwemo, Erasmus Darwin babu yake Charles Darwin alikuwemo, mfinyanzi Josiah Wedgwood nae, walijiita Lunar Society. Walikuwa wanakutana siku iliyo karibu na mwezi mpevu, sababu yenyewe ni ya kawaida kabisa, barabara hazikuwa na taa, mbalamwezi iliwasaidia kurudi nyumbani. Tena ilikuwa Jumapili, alipokuja Joseph Priestley ambaye alikuwa mchungaji na Jumapili ana ibada, wakahamia Jumatatu. Watu wenye vichwa vile na bado walipanga mkutano kwa kuangalia mtu atarudije kwake! Sisi tulipohamia saa 10 jioni yule dada akawa anabaki mpaka mwisho, na ndo tukajua anajua kusimulia kuliko wote.

Mahali sasa. Wazo la kwanza la kila kundi ni kuzunguka nyumbani kwa watu, mwezi huu kwako mwezi ujao kwangu. Rotary wenyewe ndo walianza hivyo, mwaka 1905 kule Chicago, Paul Harris na wenzake walikuwa wanakutana ofisini kwa mwanachama mmoja leo, kesho kwa mwingine, na jina lenyewe limetokana na huko kuzunguka. Walipoongezeka ofisi hazikuwatosha, wakahamia hotelini na migahawani. Kuzunguka kuna raha yake, unamjua mwenzako ukiona anapoishi. Ila kuna mambo watu hawasemi. Mwenye nyumba anaamka asubuhi kufanya usafi, jioni anaosha vyombo, mkutano kwake ni kazi. Mwenye chumba kimoja zamu yake ikikaribia anaanza kuumwa. Mgeni mpya anaona noma kugonga mlango wa mtu asiyemjua. Na kila mwezi kuna swali la ramani, "nyumba ya ngapi baada ya kona?" Mtu wetu wa kipimo, yule aliyepotea, hapo ameshashindwa kabla hajatoka.

Tukahamia mgahawa mmoja mzuri, wenyewe siutaji, ulikuwa na viti vizuri na wahudumu wacheshi, ila muziki. Mwanzoni ulikuwa chini, kila mwezi naona kama unapanda, na sisi tunapandisha sauti, meza ya jirani nayo inapandisha ili isikiane, na muziki unaongezwa tena manake hausikiki. Kitu hiki kina jina, daktari wa Ufaransa Étienne Lombard alikieleza mwaka 1911, kwamba mtu akizungukwa na kelele anapaza sauti mwenyewe bila kujua. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60, mahali pakishapita hapo sana huongei tena, unapiga kelele. Nilichokuwa nakiona ni kwamba wapole wananyamaza. Wenye sauti kubwa wanaendelea, wao wanaona mkutano umefana, wapole wanaondoka wakisema walichoka tu. Sasa nikienda kukagua mahali naenda siku ile ile na saa ile ile tutakayokutana, sio Jumanne asubuhi ambapo hata sokoni kumetulia.

Na mwangalie meza! Watu wanadharau sana meza. Mtafiti wa Uingereza, Robin Dunbar, na wenzake waliwahi kuchunguza watu wanavyoongea wakaona mazungumzo mamoja mara chache yanavuka watu 4 hivi, wakizidi yanajigawa yenyewe. Sasa ukiwapanga watu kumi kwenye meza moja ndefu, wa mwisho kila upande ana jirani mmoja ubavuni na mmoja mbele yake basi, ikitokea hao wawili wakawa wanaongea na wengine, yeye kabaki na glasi yake. Wanaokaa pembeni ndo wanaoondoka mapema, angalieni mtaniambia. Meza ndogo ndogo zilizokaribiana, au viti vinavyohamishika mtu ajisogeze bila kuomba ruhusa, ni bora mara mia.

Hapa tulipo sasa ni bustani ya umma yenye paa la kujikinga mvua na taa, wala sio pazuri kihivyo. Hakuna anayetufukuza kwa kukaa muda mrefu, hakuna anayelazimishwa kununua kitu, kituo cha basi kiko karibu, choo kipo na kinafanya kazi (wanaume hamfikiriagi hili mpaka muambiwe). Tena mgeni anatuona kutokea mbali. Kabla ya hapo kuna kaka mmoja alisimama mlangoni kwenye ule mgahawa, nilimuona anaangalia meza hii anaangalia ile, anatoa simu anairudisha, nikajua huyu ni wetu ila hatujui, na kabla sijafika kashageuka anaondoka, nikamkimbilia nje. "Kaka, unatafuta watu wa stori?" Akacheka, akasema alikuwa anaona aibu kuuliza kila meza. Sasa hivi kuna kitambaa cha njano kinafungwa kwenye nguzo. Mtu akiambiwa "tafuta kitambaa cha njano" hana haja ya kumjua yeyote.

Kigumu kilichobaki ni kutohamisha. Mvua inanyesha, watu wanaandika "tuahirishe?" Mtu mnayempenda sana amekuja mjini wiki nyingine, "tusogeze tu mara hii moja?" Mimi nakuwa mbishi hapo na wamenizoea. Mnataka kumuona mgeni, muoneni hiyo siku yake, na Jumamosi ya pili ibaki palepale. Angalia hawa wa parkrun, wale wanaokimbia kilomita 5 kila Jumamosi asubuhi, walianza London Oktoba 2004 wakiwa wakimbiaji 13, sasa wako nchi nyingi, na nguvu yao kubwa kwa ninavyoona ni kwamba ukiamka Jumamosi hujiulizi kama leo ipo. Sisi tuna mapatano kwamba watu wawili lazima wawepo hata kama hakuna mwingine aliyesema anakuja, wanapokezana, na kitambaa kinakaa kwa mmoja wao. Kuna siku za mvua tumekaa wawili tu chini ya lile paa tukaongea mambo ambayo mbele za watu kumi tusingeyaongea.

Kujadili muda tunaruhusu mara moja kwa mwaka, mwezi wa kwanza, miezi mingine mada hiyo imefungwa. Safari hii kuna pendekezo la kuhamia saa 4 asubuhi, limeletwa na wale waliopata watoto karibuni, wanasema jioni watoto ndo wanaanza kusumbua na wao wanashindwa kutoka. Wanaolala mpaka mchana Jumamosi wamepinga kwa herufi kubwa. Mimi nimeangalia nani amekuwa akikosekana miezi hii, ni hao hao wenye watoto, na mabasi asubuhi ni mengi, kwa hiyo naelekea kuwaunga mkono japo mimi mwenyewe ni wa kulala. Ikipita, kitambaa kitafungwa asubuhi kuanzia mwezi wa tatu, mwezi wa pili tutakutana saa 10 kama kawaida ili asiyesoma meseji asije akafika jioni akakuta nguzo tupu.